Jinsi ya Kuonja na Kupima Sigaa ya Mkono: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu sigaa, ile nene ya majani ya tumbaku yaliyokunjwa na si sigara ya karatasi, ni yaleyale. "Mbona inakuwa chungu ikifika nusu?" "Mbona inazimika kila mara?" "Nimenunua ya Cuba kwa bei ya mbuzi mzima, mbona sisikii hizo ladha wanazozisema?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mwenye swali asome, ajaribu, kisha arudi na swali jipya.

Jibu kubwa kuliko yote nalitoa mapema: unavuta haraka mno. Sigaa ikivutwa haraka hupata joto kali, mafuta ya jani huungua badala ya kutoa harufu yake, na kinachobaki mdomoni ni uchungu. Halafu lawama anabebeshwa fundi aliyeikunja. Sigaa nyingi ninazoona zikipewa alama mbaya zimeharibiwa na mvutaji mwenyewe. Kwa hiyo kuanzia kukata hadi kuandika alama, kazi yako ni kuipa sigaa haki yake kabla hujaihukumu.

Naandika kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Kama huvuti, usianze kwa sababu ya mwongozo huu. Kutomeza moshi hakuondoi hatari: saratani ya mdomo, ya koo na ya umio huwapata wavuta sigaa pia, na sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina sheria za uvutaji hadharani. Vuta mahali panaporuhusiwa, mbali na watoto na wajawazito.

Yajue haya kwanza

Sigaa ya mkono ni majani matupu ya tumbaku, haina karatasi wala kichujio. Ina sehemu tatu: jani la nje, ambalo ndilo zuri na ghali kuliko yote, jani la kufungia, linaloshika umbo, na majani ya ndani. Haya ya ndani huchanganywa kutoka sehemu tofauti za mmea. Ya chini, yanayoitwa volado, huwaka vizuri. Ya katikati, seco, hubeba harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa na jua kwa muda mrefu, ni mazito na yana nguvu, na kwa kuwa huwaka polepole fundi huyaweka katikati kabisa. Akiyakosea mahali, sigaa itaungua vibaya hata ufanye nini.

Swali la Tabora nalo haliishi: kama sisi ni wakulima wakubwa wa tumbaku, mbona hatutengenezi sigaa za namna hii? Tumbaku nyingi ya Tabora na Urambo ni ya mvuke, inayokaushwa kwa joto ndani ya mabani, yaani majengo ya kukaushia. Ukaushaji huo huacha sukari kwenye jani, na moshi wake ndio unaofaa sigara za kiwandani. Tumbaku ya sigaa hukaushwa kwa hewa tu, majani yakining'inia kwa wiki kadhaa, kisha hurundikwa malundo makubwa yachachuke na kupata joto yenyewe. Moshi wake una asili ya alikali, kwa hiyo nikotini hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo. Ndiyo maana sigaa haimezwi. Ukiivuta kifuani utakohoa na kichwa kitazunguka, wala hutaongeza ladha hata kidogo, maana ladha iko ulimini na puani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Sigaa mbili za aina moja, kutoka boksi moja ikiwezekana. Hii ni kazi ya mikono, na mikono hutofautiana. Kuhukumu aina nzima kwa sigaa moja ni kumwonea fundi.

Chagua yenye nguvu ndogo au ya wastani. Kwa anayeanza napendekeza ya Jamhuri ya Dominika yenye jani la nje la Connecticut, lile la rangi ya dhahabu linalokuzwa chini ya kivuli cha vitambaa. Umbo liwe robusto, ambayo kwa vipimo vya Cuba ni milimita 124 kwa urefu na unene wa 50. Unene huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, hivyo 50 ni kama milimita 20. Robusto huchukua dakika 45 hadi saa moja. Usianze na Churchill, umbo refu la milimita 178. Utachoka ulimi kabla hujafika mwisho, na uchovu huo utauandika kama kasoro ya sigaa.

Si lazima iwe ya Cuba. Viwanda vya Cuba vilitaifishwa mwaka 1960, na Marekani ikaweka vikwazo vyake vya biashara mwaka 1962. Katika miaka hiyo familia nyingi za watengenezaji zilihama na ujuzi wao, na mbegu ya Cuba ikaota mizizi Dominika, Honduras na Nicaragua. Padrón, familia iliyotoka Pinar del Río huko Cuba, ilianza upya Miami mwaka 1964 na baadaye ikaweka kazi yake Estelí, Nicaragua. Chapa ya Davidoff nayo iliacha Cuba na kuhamia Dominika kuingia miaka ya 1990. Leo sigaa nzuri ya Estelí haipigi magoti mbele ya ile ya Havana.

Ukiamua kununua ya Cuba, fungua macho. Cohiba halisi, chapa maarufu ya Cuba, haiuzwi kwenye boksi lenye kifuniko cha kioo. Ukiliona boksi hilo ufukweni au uwanja wa ndege, ni feki, usipoteze muda kujadili bei. Geuza boksi: chini pawe na maandishi yaliyochomwa kwenye mbao, "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Cuba) na "Totalmente a mano" (kwa mkono kabisa). Anayeuza moja moja kutoka mfukoni bila boksi, mshukuru na uendelee na safari yako.

Kikatio chenye makali mawili. Kisu cha jikoni hukandamiza kichwa cha sigaa na kulipasua jani.

Kiberiti cha gesi, au njiti ndefu za mbao. Kiberiti cha petroli na mshumaa viache, kwani harufu yake huingia kwenye jani na haitoki tena. Ukitumia njiti, subiri kichwa chake kiishe kuungua ndipo uisogeze.

Maji ya kawaida yasiyo baridi kali, au chai ya rangi isiyo na sukari. Soda, bia na konyagi zina wakati wake, ila si siku ya kupima.

Chombo cha majivu chenye ukingo mpana, daftari na kalamu, na saa ya simu.

Mahali tulivu. Zima feni. Baraza ya pwani ni pazuri kwa mazungumzo lakini upepo wa bahari huunguza sigaa upande mmoja, nawe utaandika kwamba imekunjwa vibaya. Usipime karibu na jiko la nyama choma wala chumba kilichofukizwa udi, na manukato usijipake siku hiyo.

Mwili wako pia uandae. Kula kwanza, kisha subiri kama saa moja. Tumbo tupu na nikotini haviivani. Chakula chenye pilipili kali na dawa ya meno vyote hufunga ulimi, viwekee nafasi.

Kuhusu utunzaji, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla haijaanza: sigaa hukaa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hewa ya Dar, Mombasa na Unguja kwa kawaida ina unyevu zaidi ya hapo, kwa hiyo sigaa iliyoachwa mezani hunywa maji, huvimba na kuota ukungu. Dodoma wakati wa kiangazi, au chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa Dubai na Muscat, huikausha hadi jani livunjike kama karatasi. Huhitaji humidori, yaani sanduku la kutunzia sigaa, ya gharama. Kontena la plastiki la chakula lisilopitisha hewa, jipya na lisilo na harufu, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, linatosha kabisa. Kwenye joto letu la pwani mimi nachagua pakiti ya 65 badala ya ile ya 69. Weka sigaa humo wiki mbili kabla ya kuipima, na uweke kontena mahali penye ubaridi, mbali na dirisha. Friji si mahali pa kuhifadhia: hukausha, na sigaa itanuka samaki.

Hatua kwa hatua

1. Itazame na uishike. Iweke kwenye mwanga wa mchana. Jani la nje liwe na mng'ao wa mafuta kidogo, mishipa yake iwe midogo, lisiwe na mpasuko. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili kutoka kichwani hadi mguuni, yaani mwisho ule unaowashwa. Panapobonyea sana pana upungufu wa majani. Pagumu kama jiwe pamejazwa kupita kiasi, na hapo moshi utakwama. Andika mahali hasa: "gumu, sentimita tatu kutoka kichwani." Baadaye, mvuto (jinsi moshi unavyopita) ukibadilika ukifika hapo, utajua sababu. Angalia pia matundu madogo ya duara kama yaliyotobolewa na pini. Hayo ni ya mdudu wa tumbaku, na sigaa yenye matundu hayo itenge na wenzake mara moja. Vumbi jeupe juu ya jani mara nyingi ni ukungu. Likiwa limeingia mguuni kwenye majani ya ndani, tupa.

2. Inuse kabla ya moto. Kwanza jani la nje ubavuni, kisha mguu. Harufu hizi mbili hazifanani, ziandike mbalimbali. Ubavuni unaweza kusikia nyasi kavu, ngozi au banda la ng'ombe (ndiyo, na si kasoro). Mguuni mara nyingi hutoka utamu zaidi: zabibu kavu, kakao, mbao. Ukisikia harufu kali inayochoma pua kama ya mkojo uliokaa, hiyo ni amonia; tumbaku haijamaliza kuchachuka au sigaa ni changa mno. Irudishe kwenye kontena, ijaribu baada ya miezi kadhaa.

3. Kata kofia tu. Kichwani kuna kipande kidogo cha jani kilichogundishwa, ndiyo kofia. Chini yake kuna bega, pale mviringo unapoanza kunyooka. Kata milimita mbili hivi, juu ya bega, kwa mkono usiositasita. Ukikata chini ya bega jani lote la nje litaanza kufunguka mdomoni. Kosa hili ni la kawaida sana kwa mgeni, na halina dawa nzuri. Ukiogopa, kata kidogo. Unaweza kuongeza, kupunguza huwezi.

4. Vuta bila moto. Weka mdomoni, vuta hewa tu. Iwe na ukinzani kidogo, kama kunywa maziwa mazito kwa mrija. Ikipita kama bomba tupu, itaungua haraka na kwa joto kali. Ikigoma kabisa, iviringishe taratibu katikati ya vidole pale palipo pagumu, ujaribu tena. Ladha ya hewa hii ya baridi iandike: ni ladha ya tumbaku yenyewe kabla haijabadilishwa na moto, na inafaa kuilinganisha na utakachokipata baadaye.

5. Iwashe kwa subira. Shika sigaa kwa pembe, mguu ukielekea chini, na uweke ncha ya moto sentimita moja chini yake. Moto usiguse jani. Zungusha sigaa pole pole mpaka ukingo wote wa mguu uwe mweusi na uanze kung'aa mwekundu. Hii huchukua nusu dakika au zaidi, na watu wengi hawaimalizi. Ndipo uiweke mdomoni, uvute kidogo huku moto ukiwa bado mbele, ukiendelea kuizungusha. Itoe, puliza mguu kwa upole, tazama: duara lote liwe jekundu. Kama kuna upande mweusi, uguse na moto sasa. Uwashaji mbaya utakusumbua mpaka mwisho wa sigaa, na theluthi ya kwanza yote itakuwa ya kurekebisha badala ya kuonja.

6. Pafu moja kwa dakika. Hii ndiyo hatua niliyoiandikia mwongozo wote. Vuta pafu moja ya sekunde mbili au tatu, acha moshi ujae mdomoni, uzungushe, ushushe chini ya ulimi, utoe. Kisha weka sigaa chini. Usiishike mkononi, maana mkono huipeleka mdomoni wenyewe. Washa saa ya simu ikukumbushe kila dakika moja mpaka mwili uzoee. Gusa jani la nje sentimita mbili nyuma ya moto: pakiwa pa moto mkononi, umezidisha, ngojea dakika mbili. Pafu tatu za kwanza usizihukumu kabisa. Zina ladha ya moto wa kuwashia.

Kuna atakayesema dakika nzima ni ndefu, sigaa itazima. Sigaa iliyokunjwa vizuri na yenye unyevu sahihi haizimi kwa dakika moja. Ikizima, hilo nalo ni jambo la kuandika.

7. Pitisha kidogo puani. Ulimi unatambua chumvi, utamu, uchungu, uchachu na ule unono wa supu ya mifupa. Vingine vyote tunavyoviita ladha, kuanzia karafuu hadi kahawa, ni kazi ya pua. Vuta moshi mdomoni, toa sehemu kubwa kwa mdomo, kisha kile kidogo kilichobaki kisukume polepole kitoke puani, kana kwamba unaguna "mmm" mdomo ukiwa umefumbwa. Usivute ndani, unasukuma nje tu. Mara ya kwanza itawasha na machozi yatakutoka. Fanya mara moja kila pafu tano, inatosha. Siku utakapokifanya sawasawa, sigaa uliyodhani ina ladha ya "moshi tu" itakufungulia vitu ambavyo hukujua vimo.

8. Tenganisha vitu vitatu ambavyo wageni huvichanganya. Nguvu ni nikotini: unaisikia tumboni na kichwani. Uzito ni jinsi moshi unavyojaa mdomoni, kama tofauti ya maji na maziwa. Ladha ni ladha. Sigaa inaweza kuwa nzito na yenye ladha tele lakini nguvu ndogo, na nyingine ikakuzungusha kichwa huku haina la kukuambia. Rangi nyeusi ya jani la nje linaloitwa maduro haimaanishi nguvu kubwa. Mara nyingi hutokana na jani kuchachushwa kwa muda mrefu na joto zaidi, na huleta utamu wa kakao. Toa alama kwa kila kimoja peke yake, kuanzia moja hadi tano.

9. Andika kwa theluthi. Gawa sigaa kwa macho mara tatu na uandike kila sehemu inapoanza na inapoisha. Theluthi ya kwanza kwa kawaida ni nyepesi na huonyesha jani la nje. Ya pili ndiyo mchanganyiko wenyewe, mahali fundi alipokusudia ufike. Ya tatu nguvu na joto hupanda. Sigaa nzuri hubadilika bila kuchanganyikiwa: ilianza na nyasi kavu na korosho, ikaja kwenye kahawa na mbao, ikamalizia na pilipili manga. Inayobaki vilevile mwanzo hadi mwisho si mbaya, ila haipati alama za juu kwangu.

Kuhusu maneno, tumia ya jikoni kwako. Usinakili maneno ya wahakiki wa Ulaya kuhusu matunda ambayo hujawahi kuyaonja. Daftari lako litakuwa na maneno ya watu na ulimi wako hautajifunza. Siku moja kabla ya kupima, toa makopo ya viungo uyanuse moja moja macho yakiwa yamefumbwa: pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga. Kisha kahawa iliyosagwa, kakao, korosho za kukaanga, tende, sukari guru, ukoko wa mkate. Nusa ndani ya kiatu kipya cha ngozi, nusa kipande cha mbao iliyotoka kurandwa, nusa udongo mvua ikianza kunyesha. Ukirudi kwenye sigaa, pua itakuwa na majina ya kuchagua. Ukikosa jina, andika "tamu, nzito, ya kuokwa" uendelee. Maelezo hafifu ya kweli yanafaa kuliko maelezo mazuri ya kubuni.

10. Tazama moto na majivu. Mstari wa kuungua uwe karibu sawa pande zote. Kupishana kwa milimita mbili tatu kunavumilika. Majivu yaache yafike sentimita mbili au zaidi, kisha yaegemeze kwenye ukingo wa chombo yaanguke yenyewe. Usiyagongegonge kama ya sigara. Majivu yaliyoshikamana yanaonyesha majani marefu yaliyokunjwa vizuri, na pia hupoza moto. Rangi yake, nyeupe au kijivu, inategemea zaidi madini ya udongo kuliko ubora, kwa hiyo usiitolee alama.

11. Ivue utepe kwa wakati wake. Utepe wenye jina ni mzuri kwa macho na mbaya kwa hukumu. Ukiweza, mwombe mwenzako auvue au aufunike kwa karatasi kabla hujaiona. Mtu akishajua anavuta Cohiba, ulimi wake huanza kutafuta sababu za kuisifu. Ukiuvua mwenyewe, subiri sigaa ipate joto ndipo gundi ilegee. Ukiuchomoa ingali baridi unaweza kuchana jani.

12. Iache ife yenyewe. Ukibakiza sentimita nne hivi, au joto likianza kuchoma midomo, iweke chini. Usiikandamize, itanuka nyumba nzima. Kunywa maji, kaa dakika kumi na tano, kisha andika kilichobaki mdomoni: ni cha kupendeza au cha kukimbilia mswaki? Ladha ya baadaye ina uzito mkubwa, na wengi huisahau kwa sababu wameshafunga daftari.

13. Toa alama. Mimi hugawa mia hivi: mwonekano 10, mvuto 15, uunguaji 15, ladha na harufu 40, mizani (jinsi ladha zinavyolingana) pamoja na ladha ya mwisho 20. Mwonekano nimeupa kidogo makusudi. Andika alama kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Chini yake andika swali moja la pembeni: "Ningeinunua tena kwa bei hii?" Liweke mbali na alama, kwa sababu kuipenda sigaa na kuona ubora wake ni mambo mawili. Nawajua watu wasiopenda kabisa sigaa za pilipili nyingi za Nicaragua, na bado wanazipa alama za juu kwa haki.

Matatizo na dawa zake

Inaungua upande mmoja. Kwanza angalia upepo na feni. Kisha geuza upande unaochelewa uwe chini, maana moto hupata hewa kutoka chini na utauwahi. Ikipishana sana, gusa sehemu iliyochelewa kwa moto mdogo. Usitie mate kwenye jani.

Katikati pametoboka handaki, nje hakuungui. Jani la nje lina unyevu mwingi au uliwasha katikati tu. Gonga majivu, ziba kwa kuwasha ukingo upya taratibu. Zilizobaki zipe wiki mbili zaidi kwenye kontena.

Mvuto umekaza. Iviringishe palipo pagumu. Ikishindikana, pitisha waya mwembamba safi kutoka kichwani katikati ya majani, mara moja tu. Kama bado, acha. Iandikie alama ya mvuto inayostahili na usiihukumu ladha yake, kwa sababu hukuipata.

Imezima. Si dhambi. Gonga majivu yote, puliza hewa nje kupitia sigaa ili moshi wa zamani utoke, kisha iwashe upya kama mwanzo. Ndani ya saa moja inakubali. Iliyolala usiku kucha iache, itakuwa chungu.

Imekuwa chungu ghafla. Ngojea dakika mbili bila kuvuta. Halafu puliza nje kwa upole mara moja au mbili, uvute tena. Uchungu ukipungua, kosa ni kasi yako. Ukibaki vilevile katika theluthi zote na kwenye sigaa ya pili pia, hapo ndipo unaweza kuilaumu sigaa.

Jani la nje linapasuka. Imekauka, au imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye unyevu wa nje kwa ghafla na jani limevimba. Kipasuko kidogo mbali na moto huzibwa na utepe wenyewe ukiusogeza juu yake.

Jasho jembamba, kichefuchefu, mikono inatetemeka. Ni nikotini. Weka sigaa chini, toka kwenye hewa safi, kunywa maji, kula kitu kitamu kama tende au kijiko cha sukari. Kupima kumeisha kwa siku hiyo. Dalili zikizidi au ukianza kutapika mfululizo, nenda hospitali. Safari ijayo kula vizuri kwanza, na uchague sigaa nyembamba zaidi.

Sigaa ya pili haifanani kabisa na ya kwanza. Linganisha maandishi yako ya hatua ya 1 na ya 4: mara nyingi utakuta moja ilikuwa ngumu mahali fulani au mvuto wake ulikaza. Kama ujenzi ulikuwa sawa, angalia ulikula nini na ulivuta saa ngapi. Ulimi wa asubuhi si wa usiku. Ukiona hakuna sababu, vuta ya tatu baada ya wiki moja kwa saa ileile, kisha andika alama zote tatu bila kutafuta wastani. Boksi linalotoa 90, 78 na 85 limeshakueleza jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua.